Chupa Iliyoandikwa Vitamini

20 Januari

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na cherehani imeacha ule mchezo wake wa kukata uzi. Mimi mzima. Msalimie mjomba, mwambie viatu alivyonipa vimenibana siku mbili tu, sasa vimenikubali.

Uliniambia simu ni ya kuulizana nani mgonjwa na nani kafa, na kwamba mambo mengine yaandikwe ili mtu aweze kuyasoma mara mbili. Basi nakutii.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo na bado kinanuka mipira. Kina kitanda kimoja kifupi, kabati lenye kufuli, meza na kiti kimoja. Mgonjwa akikaa, mimi nasimama. Nikikaa mimi, yeye anasimama. Wanafunzi ni elfu moja na mia moja, wengi wao wanalala bwenini. Muuguzi ni mimi peke yangu. Wodini nilizoea kugeuka na kumuuliza mwenzangu, "Hebu njoo umtazame huyu." Hapa nikigeuka naona ukuta.

Siku ya kwanza walikuja wanafunzi arobaini na wawili wenye kuumwa tumbo. Nilidhani umezuka ugonjwa, nikaanza kuuliza habari za maji na vyoo. Kumbe palikuwa na mtihani wa hesabu. Baadaye mwalimu wa hesabu alikuja mwenyewe mlangoni. Ni pande la mtu, lakini sauti yake ni ya chini kama ya mtu anayeomba chumvi. Akauliza kama ningeweza kumrudishia darasa lake.

Wameshanipa jina. Wananiita Sista Pole, eti nasema pole kabla mtu hajaeleza anaumwa nini.

Najua hukupenda nilipoacha hospitali. Siku ile ulishona mpaka sindano ikavunjika. Nitakueleza vizuri nitakapokuwa nimejielewa mwenyewe.

Mwanao.


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unaumwa lakini haujanilaza. Mjomba wako goti limevimba. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni uzito, na tumeacha kuzungumzia jambo hilo ili tuendelee kula pamoja. Jirani wa upande wa pili amehama na kuniachia paka wake bila kuniuliza. Paka ameshazoea, mimi bado.

Nina sare za shule kumi na saba za kumaliza wiki hii. Kila mzazi anataka sketi ipindwe chini mara mbili ili mtoto akirefuka iachiwe. Wazazi wana matumaini sana.

Wateja wananiuliza yule mtoto wangu yuko hospitali gani siku hizi. Nawajibu kwamba yuko kwenye taasisi. Neno hilo linawatosha, hawaulizi zaidi. Sikulaumu, mwanangu, ila nauliza tu. Kazi ya kuwapaka watoto dawa ya vidonda na kuwabembeleza wasio na ugonjwa wowote ilihitaji miaka mitatu ya chuo? Nilikesha nikishona ili usome. Naona kama nimekata kitambaa cha suti nikashona mfuko.

Usikasirike. Mtu akizeeka ulimi unakosa breki. Jipatie kiti cha pili.

Mama yako mkubwa.


17 Machi

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Goti la mjomba, mwambie aweke mguu juu ya mto anapokaa, na akubali kwamba ni uzito. Kiti cha pili nimepata. Fundi seremala wa shule aliunganisha miguu ya viti vitatu vilivyovunjika. Kinayumba kidogo, lakini wanafunzi wanakipenda kuliko kile kizima.

Sikukasirika. Ila kazi yenyewe si ile unayoidhania, wala si ile niliyoidhania mimi. Tangu nifike nimeshika darasa la biolojia wiki mbili, nimepokea wageni, nimehesabu magodoro. Mkuu wa shule ananiita mwalimu wa afya akitaka nishike kipindi, na daktari akitaka nimtulize mzazi. Muuguzi nakuwa anapokuwa na hasira. Si mtu mbaya. Ana shule kubwa na watu wachache, anamtumia kila anayemwona amekaa. Tatizo ni kwamba kazi yangu, ikifanyika vizuri, inaonekana kama kukaa.

Mwezi uliopita alitaka niandike orodha ya wanafunzi wote wenye maradhi ya kudumu, ibandikwe ofisi ya walimu kando ya ratiba. Nikamwambia siwezi, hizo ni siri za watoto. Akaniuliza, "Siri kwa nani? Hapa sisi ndio wazazi wao." Nilikataa tu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike leo.

Kuna msichana wa kidato cha pili anayecheza netiboli, shule nzima inamwita Nahodha. Mama yake anakatisha tiketi stendi ya mabasi. Wiki ya pili ya Februari mama huyo alikuja kwangu, akachungulia nje kwanza, kisha akafunga mlango. Akatoa chupa ya vidonge iliyoviringishwa kwenye leso. Mtoto ana kifafa tangu akiwa na miaka tisa. Anameza asubuhi na jioni, na akimeza vizuri anaweza kukaa mwaka mzima bila kuanguka. Fomu ya shule wameandika kwamba hana ugonjwa wowote.

"Shule ya kwanza walimrudisha na godoro lake," aliniambia. "Ya pili walimlaza peke yake kwenye chumba cha mafagio. Hii ni ya tatu. Sista, wewe umeapa. Mkuu asijue, walimu wasijue."

Nikakubali. Nikaihamishia dawa kwenye chupa yangu, na kwa kuwa mhasibu na matroni wana tabia ya kuchungulia kabatini, nikaandika juu yake neno moja: Vitamini. Msichana alipoiona alicheka. Akasema, "Basi nitakuwa na afya kuliko wote."

Lakini silali vizuri. Walimu hawajui. Akianguka darasani nami nimetumwa kuhesabu magodoro, nani atajua la kufanya? Nikisema, nimevunja ahadi na huenda atafukuzwa. Nikinyamaza, nimemwacha katikati ya watu elfu, hakuna hata mmoja anayejua hali yake. Hapa sina wa kumuuliza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Mama wa mtoto amekuomba. Funga mdomo.

Watu hawana huruma na ugonjwa ule. Wakishajua hawamwoni tena mtu, wanauona huo tu. Mtoto wa kike ana maisha mbele yake, ana kuolewa. Usimwambie Mkuu, usimwambie mwalimu yeyote, na hata mimi hukupaswa kuniandikia. Barua yako nimeichoma.

Mjomba wako hajambo.

Mama yako mkubwa.


28 Mei

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika. Natumaini nyote mko salama.

Nilikusikiliza, au niseme nilisikiliza nilichotaka kusikia. Nilifunga mdomo. Sasa nakueleza kilichotokea tarehe kumi na nne mwezi huu.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya madarasa ya juu na wasimamizi walipungua. Mkuu alinituma nisimamie ukumbi wa mbali, ule wa nyuma ya karakana, siku tatu mfululizo, tangu asubuhi mpaka magari ya mwisho ya wanafunzi wa kutwa yanaondoka. Chumba changu kilifungwa. Nilimwambia Nahodha anifuate ukumbini kuchukua dawa. Siku ya kwanza alikuja. Siku ya pili alifika mlangoni, akaona mtihani umeanza, akaona aibu kuniita mbele ya watu, akaondoka. Nilimwona. Nilijiambia nitamtafuta jioni. Jioni waliniita kuhesabu karatasi.

Siku ya tatu alianguka kwenye kipindi cha hesabu.

Nilisikia kelele nikakimbia. Nilipofika, mwalimu wa hesabu alikuwa amemwekea goti kifuani, wanafunzi wanne wamemshika mikono na miguu kama wanaomzuia mwizi, na mtu alikuwa amekimbilia jikoni akaleta kijiko. Walikuwa wanakilazimisha mdomoni. Meno mawili ya mbele yamevunjika. Bega limeteguka. Si ugonjwa uliofanya hivyo, Mama Mkubwa. Ni msaada.

Nilimgeuza kwa ubavu, nikawatoa wote nje. Ilipita. Alipofungua macho alijigusa mdomo, akanitazama.

Mwalimu wa hesabu alikuja chumbani kwangu baadaye. Alikaa kwenye kile kiti kinachoyumba na kulia bila sauti, lile pande la mtu. Akasema, "Ulijua. Ungeniambia tu. Ningemshika vipi, ungeniambia." Hata lile neno langu la pole halikutoka.

Bwenini wasichana wamesogeza vitanda vyao mbali na chake. Wengine wanasema wameguswa na povu na wanataka wapimwe. Mkuu amempeleka nyumbani mpaka apone, kana kwamba ni mafua. Aliniuliza mbele ya walimu wote, "Sista, ulikuwa na habari?" Nikanyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Bodi ya shule itakaa tarehe ishirini na nne Julai, na huko itabidi nijibu.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Nilipokiona kile kijiko nilikikumbuka kingine. Nilikuwa mdogo sana. Kwenye droo ya cherehani yako, nyuma ya makopo ya vifungo, palikuwa na kijiko kilichozungushiwa kitambaa cheupe na kufungwa kwa uzi. Nilikitoa nikidhani ni mwanasesere. Ulinipokonya kwa nguvu, na wewe hujawahi kunipokonya kitu.

Mama Mkubwa, kile kijiko kilikuwa cha nani?

Mwanao.


19 Juni

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijapata jibu. Karani wa posta ananijua sasa, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nimempigia simu mjomba, akaniambia mko salama, kisha akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kama nimekosea kuuliza, niambie kwamba nimekosea.

Mwanao.


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara sita. Karatasi tano zimekwenda jikoni. Hii nikiichana, mjomba wako amesema ataandika yeye, na yeye hajui kupunguza ukali wa jambo.

Kijiko kilikuwa cha mama yako.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na moja. Mara ya kwanza tulidhani anacheza. Bibi yako alitupeleka kwa watu wengi, wengine wa kuomba, wengine wa kuchanja, na mmoja ndiye aliyesema tumtie kijiko kinywani asijing'ate ulimi. Mimi ndiye niliyekifunga kile kitambaa. Sasa umeniandikia kwamba kijiko chenyewe ni kosa, na nimekaa na hilo neno lako wiki sita.

Bibi yako alituweka chini, mimi na mjomba wako, akasema, "Nje ya nyumba hii hakuna mgonjwa." Hakuwa mkatili. Nataka ulielewe hili kabla hujakasirika. Alikuwa anamlinda. Wote tulikuwa tunamlinda. Akianguka sokoni tulisema hakula asubuhi. Akianguka harusini tulisema joto. Tukawa hodari wa kusema. Baba yako aliposa, hakuambiwa. Aliona kwa macho yake mwezi wa nne wa ndoa. Hilo ndilo lililomwondoa, si kazi ya mbali kama nilivyokueleza.

Na mama yako hakuteleza kwenye mawe, kama tulivyokuambia.

Alikwenda kufua pale chini kwenye bomba, mahali maji yanapotuama. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulikuwa kwangu unapanga vifungo. Walikuwepo wanawake wanne. Alipoanguka na kuanza kutupa miguu, waliogopa. Mmoja alidhani ni pepo, mwingine aliogopa povu. Wakakimbia kuita watu. Aliangukia uso. Maji hayakufika gotini, mwanangu. Kumgeuza tu kungetosha, mtoto angeweza kumgeuza.

Mmoja wa wale wanawake ni rafiki yangu mpaka leo. Tunasalimiana kila siku. Miaka yote hii anadhani mimi ninamsamehe, na kila akinisalimu kwa unyonge natamani ardhi inifiche. Hakumwacha mdogo wangu. Hakujua. Na mimi, niliyekuwa nachota maji naye kila asubuhi, nilikuwa na miaka kumi ya kumwambia.

Uliponiuliza mwezi Machi, niliogopa, nikakuandikia maneno ya bibi yako. Hata mwandiko niliutazama nikaona kama ni wake. Sasa meno ya mtoto wa watu yamevunjika, na mimi nina mkono humo.

Sikushauri tena. Ila ukisimama mbele ya hiyo bodi, usiseme kwamba ulinyamaza kwa sababu mama yako mkubwa alikwambia. Sema lolote jingine.

Mimi.


30 Agosti

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya bodi. Niliisoma nimesimama palepale posta, kisha nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi, mpaka karani akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimemdanganya.

Nilitaka kukujibu siku ileile. Nashukuru sikufanya hivyo. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikiogopa mawe yenye utelezi. Napita penye maji kama bibi kizee, nikishika kila kitu. Kumbe mawe hayakuhusika. Ulinilea, ukanivisha, ukanisomesha uuguzi, na siku nilipofundishwa kifafa darasani nikaja likizo nikikueleza kwa mbwembwe jinsi ya kumlaza mgonjwa, ulisikiliza mpaka mwisho ukasema chai inapoa. Hiyo ndiyo inayoniuma. Bibi alikuwa ameshakufa wakati huo. Hakukuwa na wa kukukataza.

Nimemaliza. Sitaki kuandika mengi ya hivyo, maana nitaandika na yasiyo kweli.

Kuhusu bodi. Tulikaa chumba cha maktaba. Mama wa Nahodha alikuwepo kwa sare yake ya stendi, na alikuja tayari kukana kila kitu, niliona kwa alivyoshika mkoba. Mwenyekiti aliniuliza swali lilelile la Mkuu. Nikasimama nikasema nilijua tangu Februari, kwamba mimi ndiye niliyeandika vitamini kwenye chupa, na kwamba mtoto alikosa dawa kwa sababu niliwekwa kusimamia mtihani na sikukataa. Mama yake aliweka mkoba chini.

Kisha likatokea nisilolitazamia. Mkuu alivua miwani akaifuta, akasema, "Anayemtoa muuguzi chumbani kwake ni mimi. Na lile la orodha ukutani, alikuwa sahihi kunikatalia. Lakini hakunipa njia nyingine, na mimi sikumwomba." Mjumbe mmoja alitaka mtoto atafutiwe shule maalumu. Nikauliza kama kuna aliyemuuliza mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi.

Akaitwa. Ana meno mawili ya bandia sasa na bado hajazoea, anazungumza akiwa ameinamisha uso. Akasema, "Wote mmeniona nikianguka isipokuwa mimi. Naomba waambiwe ukweli, kwa sababu wanachosimulia bwenini ni kibaya kuliko ukweli."

Basi amerudi. Mimi nimepewa barua ya onyo, iko kwenye faili langu, na nadhani ninaistahili. Sitolewi tena chumbani bila kuandikwa nilipo na kuachwa mtu wa kushika ufunguo. Orodha haipo ukutani. Anayepaswa kujua anaambiwa, mzazi na mtoto wakikubali, na jina la mwanafunzi halitajwi kwa mwingine. Lakini la kufanya mtu akianguka, hilo nimewafundisha wote, walimu, wapishi, walinzi, viranja. Mwalimu wa hesabu alijitolea kuwa mgonjwa. Alilala sakafuni kwenye ofisi ya walimu na ilihitajika watu wanne kumgeuza. Alikuwa anatoa maelekezo kutoka chini, ikabidi nimkumbushe kwamba hana fahamu.

Chupa tumeiandika upya. Nahodha aliandika mwenyewe, jina la dawa na jina lake.

Sijui nitakuja lini. Disemba labda.

Mwanao.


15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma. Yote uliyoandika ni haki yako, na lile la chai ni kweli.

Nilikwenda kwa yule rafiki yangu. Nilikaa kwake tangu asubuhi mpaka watoto wakarudi shuleni, nikamwambia. Alinitoa nje. Baada ya siku nne alikuja akaninyooshea gauni la kupunguza kiuno, tukazungumza habari ya gauni.

Mjomba wako amekubali kwamba ni uzito.

Mama yako mkubwa.


24 Oktoba

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nafurahi kwa habari ya gauni. Mjomba apunguze sukari kwenye chai, asitegemee kukubali tu.

Nilikuwa nimejipangia kutokuandika mpaka Disemba, lakini jana limetokea jambo na hakuna mwingine ninayetaka kumwambia kwanza.

Jana asubuhi shule nzima ilikuwa mstarini. Mimi nilikuwa chumbani nasafisha kidonda cha mtoto aliyekanyaga msumari. Kiranja mmoja alikuja. Hakukimbia, alitembea haraka, kama nilivyowafundisha, ili asizue taharuki. Akasema, "Sista, Nahodha ameanguka. Dakika ya kwanza imekwisha." Nikamwacha wa msumari na bendeji yake nusu, nikakimbia mimi.

Unajua wanafunzi elfu na mia moja wakishtuka wanatoa sauti gani. Sikuisikia. Nilikuta wasichana wa bweni lake wamesimama duara, wote wamempa mgongo, wameshikana mikono. Hawakuwa wanatazama. Walikuwa wanamfunika. Ndani ya duara mwalimu wa hesabu alikuwa amepiga magoti, si kifuani mwa mtoto safari hii, pembeni. Koti lake lilikuwa chini ya kichwa cha mtoto. Alikuwa amemlaza ubavu, amemfungua kifungo cha shingo, na alikuwa anatazama saa. Mdomoni hakikuwekwa kitu. Midomo ya mwalimu ilikuwa inacheza, nikadhani anaomba. Alikuwa anahesabu.

"Dakika mbili na sekunde ishirini," aliniambia. Ikaisha kwa dakika tatu kasoro.

Nilisimama pale, Mama Mkubwa, na mkasi mkononi, nikagundua hakuna kilichobaki kwangu isipokuwa kuandika muda kwenye daftari. Nahodha alifungua macho. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama amekojoa. Msichana mmoja akajibu bila kugeuka, "Kidogo. Nimekuletea sweta ujifunge." Wakaenda naye bwenini.

Niliporudi chumbani nilifunga mlango. Nilikuwa nafikiria wale wanawake wanne. Mpaka sasa nilikuwa nawafikiria kwa uchungu, lakini jana niliwaona tu wamesimama penye maji, hakuna hata mmoja aliyewaambia la kufanya. Na nikakufikiria wewe.

Niliahidi kukueleza kwa nini niliacha wodi. Nadhani ni hivi. Wodini tunawapokea watu baada ya wote walio karibu nao kushindwa. Nilitaka kuwa mahali kabla ya hapo. Wakati huo sikujua hamu hiyo imetoka wapi.

Nina ombi. Umeniambia jinsi mama alivyoanguka na jinsi alivyokufa. Niambie alikuwaje siku nyingine zote.

Mwanao.


10 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na zaidi ya marahaba.

Alikuwa mvivu wa kufagia. Uchafu aliusukuma nyuma ya mlango akasema amemaliza. Alikuwa hodari wa kuiga watu. Aliwahi kumwiga mjomba wako anavyotafuta kitu alichokishika mkononi, mpaka bibi yako akatoka nje kucheka, maana hakupenda kucheka mbele yetu. Aliogopa kuku. Alipokuzaa alikutazama miguu kwanza, akasema, "Ana vidole vya shangazi zake, lakini tutampenda hivyo hivyo." Akikulaza alikuimbia nyimbo zenye maneno ya kutunga papo hapo, nyingi zikiwa za kunisema mimi. Yako mengi. Miaka yote nilikuwa sikumbuki kwa sababu niliogopa nikianza kusimulia nitafika kule bombani. Sasa nimeshafika, basi ninaweza kurudi nyuma.

Sikiliza la juzi. Alikuja mteja nisiyemjua vizuri, amehamia hapa karibuni, na mtoto wake wa kike wa miaka sita, kupimwa sare. Mtoto amefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Nilipokigusa ili nipime urefu, mama yake akauondoa mkono wangu, akasema aligonga mlango. Nikaendelea kupima. Akaiona picha ya mama yako ukutani, akauliza ni nani. Nikasema mdogo wangu, marehemu. Akauliza aliumwa nini, kama watu wanavyouliza, kwa adabu tu.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari, lile la mawe. Miaka yote linatoka lenyewe. Nikashusha futi yangu, nikasema, "Alikuwa na kifafa. Alianguka penye maji, na waliokuwepo hawakujua la kufanya kwa sababu tuliwaficha."

Nilidhani nimemtisha yule mwanamke. Akamtazama mtoto, akautazama mlango, akaenda akaufunga. Kisha akakifungua kile kitambaa. Kovu la zamani, na juu yake jipya.

Mwanangu, mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Mama yake anataka kujua mwalimu aambiwe nini siku ya kwanza, na maneno gani yatumike ili asirudishwe, na mtoto mwenyewe aelezwe vipi. Nimemwambia nina binti yangu, ni muuguzi wa shule, ndiyo kazi yake. Nimemwambia asubiri nikuandikie.

Andika kwa herufi kubwa. Atakuja kuisoma hapa kwangu, na rafiki yangu amesema naye atakuja kusikiliza.

Mama yako mkubwa.